Kuongezewa Njia au Kuchanika: Uamuzi Unaoanza Kliniki

Mazungumzo kwa akina mama wajawazito, wenzi wao na ndugu watakaowasindikiza



Wengi wenu mmezoea kutusikia tukizungumzia mizani iliyochezewa, bidhaa zilizopitwa na muda na risiti zisizotolewa. Leo tunazungumzia huduma ambayo mlaji huipokea akiwa amelala kitandani, katika uchungu mkali, bila nafasi ya kulinganisha wala kuahirisha. Haki zake hata hivyo ni zilezile. Tarehe 15 Machi 1962 Rais John F. Kennedy wa Marekani alizitaja katika ujumbe wake kwa Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: kuwa salama, kupewa taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Haki hizo haziachwi mlangoni mwa wodi ya wazazi.

Swali tunaloulizwa na akina mama ni hili: je, ni afadhali nichanike mwenyewe, au niongezewe njia? Ili kulijibu, tuanze na maana ya maneno yenyewe.

Msamba ni sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. Mtoto anapotoka, ngozi na misuli ya hapo hutanuka sana, na mara nyingi huchanika. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake cha Uingereza hueleza kwamba hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaojifungua kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida huchanika, huchubuka au huongezewa njia. Kwa hiyo anayechanika hakukosea kusukuma, wala mkunga wake si lazima awe mzembe.

Kuchanika kuna daraja nne. La kwanza ni la ngozi peke yake, na huenda lisihitaji hata uzi mmoja. La pili hufika kwenye misuli ya msamba, na kwa kawaida hushonwa. La tatu hugusa misuli inayofunga njia ya haja kubwa, na la nne hupenya hadi ndani ya njia hiyo. Haya mawili ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa yasipotambuliwa na kushonwa ipasavyo mama anaweza kushindwa kuzuia hewa au choo.

Kuongezewa njia ni mkato unaofanywa kwa mkasi katika msamba wakati kichwa cha mtoto kinapokaribia kutoka. Mkato huo hukata ngozi na misuli pamoja, kwa hiyo kwa kina chake unalingana na mchaniko wa daraja la pili. Mama aliyekatwa ili asichanike kidogo amepewa jeraha ambalo pengine asingelipata. Zaidi ya hayo, mkato ulioshuka moja kwa moja kuelekea njia ya haja kubwa huongeza uwezekano wa jeraha kuendelea hadi daraja la tatu au la nne. Ndiyo sababu wakunga wengi hufundishwa kukata kwa mshazari, kuelekea upande.

Desturi hii ilitoka wapi? Mwaka 1742 daktari Fielding Ould wa Dublin aliueleza mkato huo kama msaada wa dharura, pale mtoto anapokwama. Mwaka 1920 daktari Joseph DeLee wa Chicago alipendekeza ufanywe kama kinga. Hoja iliyoenea ilikuwa kwamba jeraha lililonyooka hushoneka vizuri na kupona haraka kuliko lililochanika lenyewe, na kwamba mkato huo huilinda misuli ya mama. Hoja hiyo ilisadikiwa kwa miongo mingi kabla ya kupimwa, na mpaka leo mnaweza kuisikia ikirudiwa wodini kwa nia njema kabisa.

Ilipopimwa, haikusimama. Mwaka 1993 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Argentina kwa wanawake 2,606. Katika kundi moja wakunga na madaktari waliendelea kukata kwa desturi, na asilimia 82.6 ya wanawake wakakatwa. Katika kundi la pili walikata pale tu palipokuwa na sababu, na waliokatwa wakawa asilimia 30.1. Majeraha makubwa hayakuongezeka katika kundi la pili: yalikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 1.5 katika kundi lililokatwa kwa desturi. Ni kweli kwamba wanawake wa kundi la pili walichanika zaidi upande wa mbele, lakini majeraha ya huko kwa kawaida ni madogo. Mapitio ya mwaka 2017 yaliyojumlisha tafiti kadhaa za namna hii yalionesha kwamba kukata kwa sababu tu hupunguza majeraha makubwa kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatamka kwamba kuongeza njia kwa desturi hakupendekezwi kwa mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida.

Hata hivyo, tusitoke hapa tukidhani kwamba kila mkato ni dhuluma. Mapigo ya moyo wa mtoto yanaposhuka na kichwa kikiwa karibu kutoka, dakika chache zinaweza kuwa tofauti kati ya mtoto mzima na mtoto aliyeumia. Vivyo hivyo mtoto anapolazimika kuvutwa kwa vakyumu au koleo, au mabega yanapokwama na mkunga akahitaji nafasi ya kuingiza mkono. Mama aliyekeketwa na kushonwa naye huhitaji kufunguliwa kovu lake kwa mkato wa namna nyingine. Jambo hilo ni vema lijulikane kliniki mapema, lisigunduliwe usiku wa kujifungua.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la mwanzo ni hili. Mama hachagui kati ya kuchanika na kukatwa kama mtu achaguavyo kati ya vitambaa viwili dukani. Anachokiamua ni kwamba asikatwe kwa desturi, na kwamba akikatwa iwe kwa sababu aliyoelezwa na kuiridhia. Kuwa na mimba ya kwanza, peke yake, si sababu ya kutosha.

Yapo pia mambo yanayopunguza uwezekano wa kuumia. Kuanzia wiki ya 34 au ya 35 ya ujauzito, mama anaweza kuukanda msamba kwa vidole safi na mafuta yasiyowasha, kwa dakika chache kila mara, baada ya kuelekezwa na mkunga. Manufaa yake yameonekana zaidi kwa wanaojifungua mara ya kwanza. Wakati wa kusukuma, kitambaa safi kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kuwekwa juu ya msamba hupunguza majeraha ya daraja la tatu na la nne. Kusukuma kwa kufuata msukumo wa mwili, mkao anaouchagua mama, na mkono wa mkunga unaoushikilia msamba kichwa kinapotoka, ni hatua ambazo hazihitaji mashine wala gharama kubwa.

Sasa tufike kwenye maswali ya kuulizwa kliniki, mapema, mama akiwa bado na utulivu wa kusikiliza majibu.

Kwanza, hapa mnaongeza njia katika hali zipi?

Pili, nitaelezwa na kuombwa ridhaa kabla ya kukatwa? Hata katika dharura mkunga anaweza kusema, “Mtoto anachoka, nahitaji kukuongezea njia, unakubali?” Maneno hayo hayamcheleweshi mtoto. Na mama ana haki ya kusema hapana.

Tatu, nitachomwa ganzi kabla ya kukatwa na kabla ya kushonwa? Uchungu wa kuzaa haufanyi kazi ya ganzi. Mama anayehisi sindano wakati wa kushonwa ana haki ya kuomba mshonaji asimame na kumwongezea.

Nne, nani atanikagua baada ya kujifungua? Aulize kama njia ya haja kubwa nayo itakaguliwa, maana mchaniko wa daraja la tatu unaweza kujificha usipotafutwa. Jeraha la namna hiyo hushonwa na mtaalamu aliyefunzwa, na mahali pa kulishonea panapaswa kujulikana mapema.

Majibu yaandikwe pamoja na matakwa ya mama, na karatasi hiyo ikae ndani ya kadi ya kliniki. Atakayemsindikiza ayajue, ili aweze kumsemea atakaposhindwa kusema.

Baada ya kushonwa, mama aulize ameumia kwa daraja lipi na jibu liandikwe katika kumbukumbu zake, kwa kuwa litahitajika katika uzazi ujao. Nyuzi zinazotumika kwa kawaida huyeyuka zenyewe. Kidonda kioshwe kwa maji safi, pedi au vitambaa vibadilishwe mara kwa mara, na mama anywe maji ya kutosha, ale mboga na matunda ili asipate choo kigumu. Wanaomkanda mzazi kwa maji ya moto wakiepushe kidonda, kwa maana kinaweza kuungua. Wala kisiwekwe majani wala unga wa dawa yoyote ambayo haikutolewa na mtaalamu.

Arudi kituoni bila kusubiri tarehe akipata homa, harufu mbaya, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au kidonda kikiachia. Arudi pia akishindwa kuzuia hewa, choo au mkojo. Wapo wanawake wanaoishi na hali hiyo kimya kimya kwa miaka, wakidhani ndiyo gharama ya kuitwa mama. Sivyo; inatibika, na wahenga walikwisha kusema kwamba mficha uchi hazai.

Mwisho, mama aliyekatwa bila kuelezwa au kushonwa bila ganzi anaweza kulalamika. Aanze kwa msimamizi wa wodi au mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, akitaja tarehe, saa na yaliyotokea. Lalamiko la namna hiyo halimrudishii yaliyopita, lakini linaweza kumfanya atakayelazwa kesho kwenye kitanda kilekile aulizwe kwanza. Lisiposhughulikiwa, njooni kwetu nalo.

Sasa tunakaribisha maswali.