MFUKO WA UTAFITI USIOVUNJWA NA UGOMVI

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Igogwe)



 Katibu aliniomba niseme machache juu ya sayansi na maendeleo. Mada hiyo ni pana, na jua la Rungwe halikawii kufunikwa na mvua. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu: namna nchi za Afrika Mashariki zinavyopaswa kupanga mfuko wa pamoja wa fedha za umma kwa ajili ya utafiti na uvumbuzi. Msidhani hilo ni jambo la wakubwa wa Arusha peke yao. Mimi nimekuwa bwana mifugo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo hili nimekutana nalo zizini.

Ndugu zangu, utafiti wa pamoja si kitu kigeni kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 ilikuwa na vituo vyake. Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na utafiti wa kilimo, misitu na mifugo. Amani, kule Tanga, palikuwa na utafiti wa malaria. Entebbe palikuwa na utafiti wa virusi, Arusha viuatilifu, Jinja samaki wa maji baridi, na Unguja samaki wa baharini. Hakuna nchi iliyokuwa na kila kitu, na kila nchi ilifaidi vyote.

Kazi hiyo ilifika hata kwa majirani zetu. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 wataalamu wa Muguga walipima mabonde mawili madogo katika milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu. La pili lililimwa na wakulima kwenye miteremko mikali. Walipima mvua na maji ya vijito kwa zaidi ya miaka kumi. Wengi wangetazamia bonde lililolimwa likauke. Haikuwa hivyo: lilitoa maji mengi zaidi, hata wakati wa kiangazi, kwa sababu miti ya msitu hunywa maji mengi, na udongo wetu wa majivu ya volkano hunyonya mvua upesi. Lakini msikimbilie mashoka! Huko Karamoja, Uganda, ambako wataalamu hao hao walipima ardhi iliyochoka kwa malisho, maji ya mvua yalikimbia juu ya ardhi ngumu na kupotea. Bila kupima Mbeya na Karamoja pamoja, mtu angetoa amri moja kwa nchi zote, na angekosea. Hiyo ndiyo faida ya kupima pamoja, na kupima kwa miaka mingi.

Sasa nije kwenye zizi. Kila mfugaji hapa anaijua ndigana kali. Kupe anamwuma ndama, mitoki inavimba, homa inapanda, na ng'ombe wa maziwa aliyegharimu akiba ya miaka mingi anakufa katika wiki chache. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Muguga, wakisaidiwa na Umoja wa Mataifa, walitengeneza chanjo yake. Walichanganya vimelea vya aina tatu: viwili vya Kenya, vya Muguga na Kiambu, na kimoja cha Serengeti, kwetu Tanzania. Ndama huchomwa sindano ya vimelea hao pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya kudumu mwilini. Anaugua kidogo, anapona, na kinga yake huwa ya muda mrefu sana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nami naongeza kwamba hata kupe hakivunji.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa. Kila kituo kikabaki mikononi mwa nchi kilimojengwa, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi mwaka 1984 tu. Chanjo ile ilikuja kutengenezwa kwa wingi huko Nairobi, na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, katika miaka ya 1990, ndipo wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania walipoanza kuitumia kwa wingi. Kuvunjika kwa Jumuiya hakukuwa sababu pekee ya kukawia huko. Chanjo yenyewe ni ngumu: ni vimelea hai, wanaotunzwa ndani ya mtungi wa naitrojeni baridi kupita barafu. Lakini kitu kigumu ndicho kinachohitaji mwenyewe wa kukisimamia bila kuchoka, na mwenyewe alikuwa amefariki. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Safari hii walioumia ni ndama.

Leo tunayo Jumuiya mpya, iliyoanza kazi mwaka 2000, na sasa ina nchi nane. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki, yenye makao Kigali. Hilo ni jema. Hata hivyo, tume bila mfuko ni kama josho bila dawa. Sehemu kubwa ya fedha za utafiti wa pamoja katika kanda yetu imetoka kwa wafadhili, Uswidi ikiwa mmoja wao. Tunawashukuru. Lakini mfadhili ana bunge lake na wapiga kura wake, na siku wakigeuka hawatatuuliza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tutazame wenzetu wa Ulaya. Tangu mwaka 1984 wamekuwa na programu za pamoja za utafiti. Ya sasa, ya mwaka 2021 hadi 2027, ni ya euro bilioni 95 hivi, na mwaka 2025 walikwisha anza kubishania ile ya 2028 hadi 2034. Hatuwezi kushindana nao kwa fedha. Tunaweza kuiga kalenda yao: wanagombana kwanza, wanakubaliana, kisha fedha inapangwa kwa miaka saba.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, mfuko wetu utakapopangwa, naona yatupasa kudai mambo matatu.

Kwanza, michango iahidiwe kwa miaka saba kwa mkupuo, wala si kila mwaka kwa hiari ya hazina. Bonde la Mbeya lisingepimwa kwa fedha ya mwaka mmoja mmoja.

Pili, mkataba useme tangu mwanzo nini kitatokea nchi ikijitoa: nani atatunza vimelea, mbegu na vitabu vya vipimo, na kwamba kazi iliyoanzwa itamalizwa. Watu husema kutaja talaka siku ya harusi ni kisirani. Sisi tulioiona 1977 tunajua ni busara.

Tatu, mfuko ufanye yale tu ambayo nchi moja haiwezi. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulikuwa Kagera. Haukuonyesha pasi mpakani. Sisi ambao mgomba ni chakula chetu hatuna budi kulipa sehemu yetu ili uzuiliwe huko huko mbali.

Najua kuna mtu anajiuliza: tutoeje fedha kwa mfuko wa nchi nane wakati shule zinahitaji maabara? Swali hilo ni halali, na silikwepi. Maabara za shule zijengwe, na mfuko usichukue shilingi ya maabara hizo. Lakini mwaka 2006 nchi za Afrika zilikubaliana kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti, na nyingi hazijafika hapo. Fedha ya mfuko itoke katika ahadi hiyo isiyotimizwa.

Nanyi vijana, msingoje mfuko. Wekeni kipimo cha mvua hapa shuleni, andikeni kila asubuhi, na daftari lirithiwe na darasa linalofuata. Wataalamu wa Uyole si mbali, waulizeni. Atakayekuja kuomba fedha za utafiti kwa niaba ya Rungwe ataulizwa kwanza: mna vipimo vya miaka mingapi?