Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Siku Zote

Hotuba iliyosomwa Pangani mbele ya wakristo wa mitaa na waalimu wa shule, wakati wa Jubilei

Twawashukuru majirani zetu wa misikiti ya mji huu waliouitikia mwaliko, maana neno la leo si la kanisa peke yake. Ni la kila mtu anywaye maji ya nchi hii na kula samaki wa bahari hii.

Tumeagizwa tueleze kazi ambazo watu wa pwani yetu huzifanya kwa pamoja ili kuyahifadhi mazingira: kupanda mikoko, kusafisha ufuo, kulinda mayai ya kasa, na kuwakataza wavuvi wa baruti. Siku kubwa kama hii ni desturi kuzisifu kazi hizo, nasi tutazisifu zilizostahili sifa. Lakini hatuna budi kuuliza na swali lisilopendeza sana sikukuuni: wageni wakiisha kwenda zao na ngoma zikinyamaza, ni nani arudiye matopeni kuitazama miche?

Kwanza tuitazame habari ya kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele ya pwani yetu, upande wa kusini mashariki wa mlango wa mto. Zamani kilikuwa na mivinje na vichaka, na kasa walipanda mchangani kutaga kwa wingi, hata kisiwa kikahesabiwa kuwa mahali pakuu pa kasa katika pwani ya Tanzania. Mwaka 1975 Serikali ikakitangaza kuwa hifadhi. Tangazo lilikuwa jema. Walakini miti ilikatwa, bahari nayo ikazidi kuula mchanga usio na mizizi ya kuushika, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 1980 miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga, na maji makuu yakijaa huzama. Wataalamu hutaja sababu zaidi ya moja za mambo haya, na mabadiliko ya bahari yenyewe yamo. Lakini ukataji wa miti nao umo. Basi twajifunza kwamba tangazo laweza kudumu katika vitabu vya Serikali, na kitu kilichotangazwa kisidumu.

Lakini habari ya Maziwe haikuishia hapo. Kasa hawakuiacha desturi yao. Waliendelea kuja kutaga katika fungu lile, na mayai yakaachwa yafe kwa maji ya bahari. Ndipo watu wa Ushongo, wakisaidiwa na chama cha Sea Sense, walipofundishwa kuyachukua mayai yale kwa taratibu na kuyazika upya katika ufuo wa Ushongo, mahali maji yasipofika. Baada ya miezi miwili hivi watoto wa kasa hutoka mchangani, na watu wakubwa kwa wadogo hukusanyika kuwaona wakienda baharini. Huu nao ni mkutano wa furaha, lakini tazameni jinsi ulivyotengenezwa: siku moja ya kutazama, na siku sitini za kulinda nyuma yake. Tena kasa huchukua miaka ishirini na zaidi kabla ya kutaga. Yule aliyekizika kiota akiwa kijana atakuwa mtu mzima kabla ya kasa yule kurudi. Kazi ya namna hii hawezi kuifanya mtu atafutaye sifa za leo.

Pili, tuseme juu ya mikoko. Mpita njia huiita yote kwa jina moja, lakini watu wa hori huitambua mmoja mmoja. Mlilana husimama mbele penye maji mengi, nao umetoa mataruma ya vyombo. Mkoko wenyewe hutoa boriti, ambazo zamani zilipakiwa katika majahazi kwenda Arabuni. Maganda ya mkandaa hutumika kwa rangi na kwa kutengenezea ngozi. Mchu huvumilia chumvi nyingi, nao huota hata nyuma karibu na nchi kavu. Kuna msinzi, kuna na mkomafi. Katikati ya mizizi yao kamba, kaa na samaki wachanga hupata maficho na chakula, na mizizi hiyo hiyo huyapunguza mawimbi nguvu na kulishika tope lisichukuliwe. Avunaye mikoko bila kiasi huvunja nyumba ya samaki na ukuta wa mji kwa shoka moja.

Mji wetu waujua ukuta ni nini. Wahenga walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa Pangani bahari imekula nchi, nasi tumekwisha kujenga kuta za mawe na saruji kwa fedha nyingi. Hatuzilaumu kuta, maana nyumba za watu zilikuwa hatarini. Lakini ukuta wa saruji huanza kuchakaa siku ile ile unapokwisha, na msitu wa mikoko, ukiachwa salama, hujiongeza wenyewe.

Tena yatupasa kutazama juu, mto utokako. Mto Pangani hupata maji yake katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, na mwendo wake hadi hapa ni kama kilomita 500. Njiani uko mtambo wa Hale uliojengwa mwaka 1964, na bwawa la Nyumba ya Mungu la miaka hiyo hiyo ya 1960, na mashamba mengi ya kumwagilia. Vitu hivyo vina faida kwa taifa. Lakini maji matamu yanapopungua, bahari hupanda mtoni. Chumvi ikafika penye minazi na mashamba ambako zamani haikufika. Kwa hiyo mwenye mfereji katika nchi ya Moshi na mpanda mikoko wa Bweni ni majirani, ingawa hawajaonana. Ingefaa shule zetu ziandikiane barua na shule za huko juu, watoto wajulishane hali ya mto mmoja wanaoutumia wote.

Tatu, na tuulize ni nani aikataye mikoko. Mara nyingi ni baba atafutaye boriti za kuuza ili alipie matibabu, au mama atakaye kuni za kuchemshia chumvi, au mwenye tanuri la chokaa. Hao si adui zetu. Wengine wao twasali nao. Tukiwaambia “Acheni!” na tusiseme neno jingine, tumesema neno jepesi kwetu na zito kwao. Mpango wowote usiojibu swali la chakula cha jioni utavunjwa usiku.

Jambo hili lilikwisha kufahamika katika wilaya yetu. Mwaka 1994 ulianza mpango wa kuhifadhi pwani ya Tanga, Serikali ya Ireland ikitoa fedha na shirika la IUCN likitoa wataalamu, nao ukaendelea hata mwaka 2007. Vijiji vya Kipumbwi na Sange vilikuwa miongoni mwa vya kwanza kujaribu utunzaji wa mikoko kwa shirika kati ya wanakijiji na Serikali. Watu hawakuletewa amri iliyokwisha kuandikwa mbali. Waliulizwa shida zao, wakazitaja, kisha wakashiriki katika kupatana juu ya msitu na ulinzi wake. Hapa ndipo ilipo nguvu. Sheria uliyoshiriki kuifanya huilinda hata askari asipokuwapo.

Jirani zetu wa Gazi, katika Kwale nchini Kenya, nao wana fundisho. Tangu mwaka 2013 wana kazi iitwayo Mikoko Pamoja, inayolinda msitu wa hekta 117 hivi. Mikoko huivuta hewa ya ukaa na kuizika topeni. Watu na makampuni ya mbali hulipa kwa ajili ya faida hiyo, na fedha zinazopatikana hutumika kwa maji na kwa shule za kijiji. Si kila mahali paweza kufanya vivyo hivyo, lakini huko mti uliosimama umeanza kumletea mwenye nchi fedha.

Sasa tuseme juu ya sikukuu za upandaji. Huko Sri Lanka, baada ya mawimbi makuu ya bahari ya mwaka 2004, mikoko mingi ilipandwa kwa shangwe, na sehemu kubwa ikafa, kwa kuwa ilipandwa mahali pasipoifaa au haikutunzwa. Tusiifuate njia hiyo katika Jubilei yetu. Kwa hiyo twaleta mashauri manne mbele yenu.

La kwanza: tusihesabu miche iliyopandwa, bali iliyo hai baada ya mwaka mmoja, na baada ya mitatu. Kila shule ishike ukingo mmoja tu, uwe mdogo kadiri ya nguvu zake, na pawepo daftari lenye tarehe na hesabu. Darasa likimaliza shule, lilikabidhi daftari kwa darasa lifuatalo.

La pili: kabla ya kupanda, tuwaulize wavuvi na waokota kaa, maana wao walijua tope. Mahali ambapo machipukizi huota yenyewe, kazi yetu ni kuyalinda na shoka tu. Pasipo na miti, ipandwe ile inayopapenda mahali hapo.

La tatu: pamoja na kulinda hori, tupande nchi kavu mivinje na miti mingine ya boriti na kuni, ili mkataji apate pa kukata. Ufugaji wa nyuki na kilimo cha mwani visaidiwe kwa fedha na soko. Mafundisho peke yake hayamshibishi mtu.

La nne ndilo gumu. Uvuvi wa baruti umekatazwa kwa sheria tangu mwaka 1970, kwa sababu huua wadogo kwa wakubwa na kuyavunja matumbawe yanayokua polepole mno. Hata hivyo kwa miaka mingi mishindo ilisikika katika pwani ya Tanga, na waliosikia walinyamaza. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kutupa baruti pengine ni mwana wa shangazi, au ndiye aliyetoa mchango msibani. Waalimu wenzetu na wazee, hapa hupimwa kama tunaipenda nchi au twaipenda raha yetu. Mtu mmoja akisema peke yake ataumizwa. Kijiji kizima kikisema katika mkutano wake mkuu, kwa majina na kwa maandiko, hataumizwa mtu. Basi tuhudhurie mikutano hiyo, wala tusiwaachie wachache. Na huko huko tuulize kwa adabu fedha za doria zimetumikaje.

Hatudharau siku za pamoja. Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, ni nzuri. Usafi wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi umewazoesha wengi kushika ufagio. Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 limepunguza takataka zilizokuwa zikinasa mizizini. Lakini siku hizo ni kama kengele ya shule: huwaita watoto, haiwafundishi.

Basi twawaomba jambo moja lililo wazi. Katika bamvua ijayo, maji yakipwa asubuhi, tukutane ukingoni, wakristo na waislamu, waalimu na watoto, pamoja na wale waishio kwa kukata boriti. Siku hiyo hatutapanda hata mche mmoja. Tutatembea, tutauliza, tutaandika ni wapi pamebaki hai na wapi pamekufa. Kisha wakataji watuambie watakula nini, nasi tusiondoke kabla ya kuwajibu. Tukifika hapo, kazi itakuwa imeanza.