Neno "Conscience" na Dhamiri Yetu

Leo twalitazama neno moja la Kiingereza, ambalo wengi wenu mwalijua kwa Kifaransa, kwani huandikwa vilevile: "conscience". Kwa Kiswahili twasema dhamiri.

Asili yake ni Kilatini: "con", yaani pamoja, na "scire", yaani kujua. Waroma wa kale walisema hivyo juu ya mtu aliyejua siri ya mwenziwe, awe shahidi, awe mshiriki. Kisha neno likaingia ndani ya mtu mmoja: nililolitenda nalijua, na ndani yangu yupo alijuaye pamoja nami.

Tumfikirie mnunuzi wa dhahabu aliyeichezea mizani yake. Mchimbaji aliyetoka Mongbwalu hakuona, wala serikali haikuona. Lakini uongo ule unao wajuzi wawili, nao hulala kitanda kimoja.

Zamani Waingereza walikuwa na neno la kwao, "inwit", yaani akili ya ndani. Mwaka 1340 mtawa Michael wa Northgate, wa abasia ya Mtakatifu Augustino huko Canterbury, alimaliza kutafsiri kitabu cha mafundisho kutoka Kifaransa, ili watu wasio na elimu wafahamu. Alikiita "Ayenbite of Inwyt": kuuma tena kwa akili ya ndani, ndiyo majuto. Kazi njema, kwa maoni yetu. Hata hivyo neno la kigeni ndilo lililoshinda. Katika karne ya 17 wakaunda na "consciousness", kwa zile fahamu ambazo mgonjwa huzipoteza akizimia. Kifaransa kimebaki na neno moja kwa mambo yote mawili, basi mwenye kutafsiri na awe macho.

Nasi je? Dhamiri latoka Kiarabu, maana yake kilichofichika ndani. Mama wa sokoni aweza kulisikia asishike kitu, akaelewa mara tukisema moyo, au roho kama wengi wasemavyo hapa. Hatuoni ubaya. Ila tusikiache kitenzi chake: dhamiri humsuta mtu. Kusuta ni kumkabili mtu uso kwa uso kwa maneno yake mwenyewe, hata asiweze kukana.

Mwaka 2003, mitaa ya Bunia ilipopiganiwa, mengi yalitendwa ambayo walioyaona hawako tena. Aliyeyatenda, kama yu hai, anaye bado mjuzi mwenziwe. Tukimfundisha huyo, haitoshi kumwambia kwamba moyo wamwuma. Mfiwa naye moyo wamwuma, wala hana kosa. Tumwambie kwamba wamsuta.