Upinde Ulioko Mezani



Kamati imenipa dakika tano nieleze upinde huu utakaonadiwa sasa hivi kuchangia bweni la wasichana. Ulikuwa wa mjomba wangu. Kwetu Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo yeye ndiye aliyenifundisha, na ndiye aliyeniachia. Nilipouleta hapa, kijana mmoja alinipokea mlangoni akaukaba kwa ngumi mpaka mishipa ikamsimama. Nikacheka, maana hata mimi nilianza hivyo hivyo.

Upinde haukabwi. Ukivuta kamba, wenyewe unajisukuma kwenye kiganja, hauna pa kukimbilia. Uache ukae kwenye ile nyama iliyo chini ya dole gumba, vidole vingine viuzunguke tu bila kubana. Ukikaza ngumi, unauzungusha kidogo kushoto au kulia bila kujua, na mshale unafuata huko. Pinde zetu hazina kishikizo cha kuegeshea mshale kama zile tunazoziona kwenye televisheni wakati wa Olimpiki. Mshale unapita juu ya mkono wako, na mkono ukishtuka, nao umeshtuka.

Anayelegeza mno naye ana lake. Anaogopa utamponyoka, basi akiachia kamba anaudaka ghafla, na kudaka huko ni kule kule kukaba. Mjomba alikuwa na namna yake ya kunipima. Nikishavuta, anagusa vidole vyangu vya mkono wa upinde kimoja kimoja. Akikuta hata kimoja kigumu, ananiambia nishushe, nianze upya. Kuna siku tulishinda hivyo mpaka jua linazama, sijarusha hata mshale mmoja.

Hayo yote niliyajua, na siku yenyewe nikakosea. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo na karanga. Sisi Waislamu hatumli, lakini yeye mihogo yetu anaila. Tukawavizia usiku wa mbalamwezi, likatoka dume kubwa, umbali kama wa kutoka hapa hadi mlango ule. Macho yangu hayakuogopa, vidole ndivyo vilivyoogopa. Nikakaba. Mshale ukaenda pembeni ukampata mbwa wa jirani aliyekuwa amezunguka kumzuia. Alikufa kabla ya asubuhi. Mjomba hakunigombeza. Alinipeleka kwa mwenye mbwa, akakaa kimya, akaniacha niseme mwenyewe. Tulimlimia yule bwana shamba lake msimu mzima.

Simtumi mtu porini. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na wanyama wakiingia shambani, toeni taarifa kijijini ili maofisa wa wanyamapori waitwe. Lakini gunia lililojazwa majani makavu halina kibali cha kuwindwa. Wajukuu wenu waliozaliwa Dar es Salaam wakija nyumbani likizo, nileteeni. Nitawagusa vidole kama nilivyoguswa mimi.

Sasa wewe utakayeununua. Utakapotaka kuutundika ukutani, fungua kamba upande mmoja kwanza. Upinde ukiachwa umefungwa miezi na miezi, mti unazoea kupinda na nguvu inakwisha. Usiuvute bila mshale halafu ukaachia kuwaonyesha wageni sebuleni, unaweza kupasuka mkononi mwako. Mishale mitatu naitoa bure pamoja nao. Na kamba hiyo mnayoiona ni ya nailoni, ile ya mjomba ya kano ilikatika zamani. Nalisema mapema ili kesho mtu asije akadai nimemuuzia uongo. Mnadishaji, karibu.