Studio Isiyotoa Kelele Lazima Ipumue

[Muziki wa kufungulia. Unapunguzwa polepole, kisha unazimwa.]

MTANGAZAJI: Vijana wengi makambini wanarekodi nyimbo zao wenyewe, kwa kompyuta moja na chumba kidogo. Mgeni wetu leo ni fundi wa sauti, mkimbizi mwenzetu, mwenye studio katika chumba cha uani huko Ntinda, Kampala. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante. Kijana unayeandika nyimbo, mama wa kwaya, baba uliyetoa chumba chako kiwe studio, salamu kwenu nyote.

Ntinda ni mtaa wa makelele. Kuna bodaboda, magari ya Kisaasi na Kiwatule, baa na makanisa. Na katikati yake kuna watu wanaotaka kulala. Uganda ina kanuni za kelele tangu 2003, na mamlaka ya mazingira, NEMA, inazisimamia. Lakini kabla ya NEMA kuna jirani, na kuna mwenye nyumba. Wewe mkimbizi mwenzangu unajua: jirani akilalamika mara mbili, mara ya tatu unabeba godoro lako kutafuta chumba kingine.

Kwa hiyo nilipopanga chumba kile, niliziba kila tundu. Dirisha nililifunga kwa mbao nzito, mlango nikauwekea mpira pembeni. Sauti haikutoka. Nilifurahi sana.

Kisha jioni moja tulikuwa watu watatu ndani. Baada ya muda, dada aliyekuwa anaimba akaomba tusimame. Kichwa kinamgonga, macho mazito, jasho linamtoka, sauti inashuka. Tukadhani ni njaa. Tulipofungua mlango na kukaa nje kidogo, akapata nafuu. Hapo nikaelewa: nilizuia kelele, nikazuia na hewa.

Tupige hesabu pamoja. Chumba cha mita 3 kwa mita 2.5, chenye urefu wa mita 2.4, kina hewa lita 18,000. Mtu aliyetulia hutoa karibu lita 20 za hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi, kwa saa. Watu watatu hutoa lita 60, na mwimbaji hutoa zaidi. Kwa kiwango hicho, chumba kilichozibwa kabisa huanza kuwa kizito ndani ya dakika 10 hivi. Ongeza joto: kila mtu hutoa joto kama balbu ya zamani ya wati 100, na kompyuta nayo inaongeza lake.

Utasema, nitanunua kiyoyozi. Sikiliza vizuri: kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hupoza hewa ileile iliyomo ndani na kuirudisha. Hakileti hewa mpya. Utaumwa kichwa ukiwa kwenye baridi. Na Kampala, iliyo juu ya mwinuko wa karibu mita 1,200, hewa ya nje mara nyingi ni ya kupendeza. Unahitaji tu kuiingiza bila kuruhusu sauti itoke.

Inawezekanaje? Kumbuka jambo moja: hewa inakubali kupinda kona, sauti inachoka kwenye kona. Ukiipitisha sauti kwenye njia yenye kona nyingi, na kuta zake ukazivika kitu laini, kila kona inaimeza kidogo.

Tengeneza masanduku mawili ya mbao nzito, unene wa milimita 18. Urefu mita 1.2, upana sentimita 60, kina sentimita 30. Ndani weka mbao tatu za kukinga: ya kwanza ianzie upande wa kushoto, ya pili kulia, ya tatu kushoto tena, ili hewa itembee kama nyoka. Vika ndani kwa pamba ya mawe ya unene wa sentimita 5, ifunike kwa kitambaa chepesi ili nyuzi zisiingie mapafuni. Ziba maungio yote, kwa maana tundu dogo linaharibu kazi kubwa.

Njia ya hewa isipungue sentimita 20 kwa 20 mahali popote. Kwa nini? Watu watatu wanahitaji karibu lita 30 za hewa kwa sekunde. Kupitia njia hiyo, hewa hutembea chini ya mita moja kwa sekunde, kimyakimya. Ukitumia bomba la sentimita 10, hewa hiyohiyo itakimbia karibu mita 4 kwa sekunde, na maikrofoni itasikia mvumo wake katika kila wimbo.

Sanduku la kuingiza liweke chini, la kutoa liweke juu kwenye ukuta wa mkabala, maana hewa ya joto hupanda. Feni iwe kwenye mwisho wa nje wa sanduku la kutoa, ivute hewa kutoka ndani. Chagua feni kubwa inayozunguka polepole, sio ndogo inayokimbia. Usiikaze moja kwa moja ukutani. Ining'inize kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, mtikisiko usipite. Mdomo wa nje uelekee chini kwa sababu ya mvua, na uwe na wavu wa mbu unaousafisha kila mwezi.

Sasa nisikilize kwa makini zaidi. Hewa inayoingia inatoka wapi? Umeme ukikatika, mtu atataka kuweka jenereta barazani, karibu na tundu lako. Kataa. Moshi wa jenereta na wa makaa una kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na inaua. Jenereta ikae mbali, uwanjani. Na sigiri, au jiko, au mbabula kama wengine mnavyoiita, isiingie studio kamwe, hata usiku wa baridi.

Vilevile, trei za mayai na sponji la godoro ukutani havizuii sauti kutoka. Ni vyepesi mno. Kinachozuia sauti ni uzito. Lakini vinashika moto haraka, na moshi wa sponji ni sumu. Mlango wako ufunguke kutoka ndani bila ufunguo.

Wewe uliye kambini, usikate tamaa. Ukuta wa matofali ya udongo ni mzito, na huo ni utajiri. Kule Bidi Bidi, wilaya ya Yumbe, kituo cha sanaa chenye chumba cha kurekodia kilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa. Udhaifu wako uko kwenye mabati, mlango na matundu. Kama huna umeme wa feni, fanya hivi: rekodi dakika 10, fungua mlango na dirisha dakika 10, kisha rudi. Hakuna wimbo ulioharibika kwa sababu ya mapumziko.

Ukimaliza kujenga, jaribu. Funga mlango, washa feni, shika kipande cha karatasi laini kwenye tundu la kuingizia: kikielea kuelekea ndani, chumba kinapumua. Kisha rekodi kimya cha dakika moja, ukisikilize kwa hedifoni. Mwisho, usiku mtaa ukitulia, piga muziki ndani na utoke nje ukasimame pale jirani anapolala.

Nilipomaliza yangu, dada yule alirudi tukaimalizia ile nyimbo. Jirani hajagonga mlango tangu siku hiyo.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji mlio katika vikundi, jadilini: Je, chumba chenu cha mazoezi kina tundu la kuingiza hewa na la kuitoa? Jenereta au jiko liko wapi? Mwenzenu akisema kichwa kinauma, mtafanya nini kwanza? Jibu la swali hilo la mwisho ni moja: tokeni nje wote. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.

[Muziki wa kufungia.]