Surua Inapofuta Kumbukumbu ya Mwili

Kinga ya mwili husifiwa kwa nguvu zake, lakini silaha yake kubwa ni kumbukumbu. Mwili ukishapambana na kijidudu, hubaki na seli zinazomkumbuka adui huyo pamoja na kingamwili katika damu. Akirudi, hujibiwa upesi. Surua hushambulia hazina hiyohiyo: virusi vyake huingia katika seli za kumbukumbu na kuziua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliopima damu ya watoto wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, ulionyesha kuwa ugonjwa huo ulifuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao. Mtoto hupona upele, kisha nimonia au kuhara humkuta bila ngao aliyokuwa nayo.

Wapo wanaosema kuugua hujenga kinga imara kuliko sindano. Ni kweli, aliyepata surua kwa kawaida haipati tena. Lakini amepata kinga ya ugonjwa mmoja kwa kupoteza kinga za magonjwa mengi. Chanjo hufundisha somo lilelile kwa virusi vilivyodhoofishwa, bila hasara hiyo. Wengine huuliza, kwa nini dozi mbili? Kwa sababu ile ya miezi 9 huwaacha baadhi ya watoto bila kinga, na ya miezi 18 huziba pengo hilo. Anayeiruka dozi ya pili kwa kuona surua ni upele tu, anahatarisha yote ambayo mwili wa mtoto umekwisha kujifunza.