Lugha ya Nyumbani, Shule ya Kwanza



Mwaka 1529 Martin Luther alitoa Katekisimu Ndogo, akielekeza namna mkuu wa nyumba awafundishe jamaa zake. Shule ya kwanza, basi, ni nyumbani. Wamisionari wa Berlin, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, walijifunza lugha za wenyeji ili wahubiri, na Kibena kikatumika kanisani na shuleni.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, nacho kimeliunganisha Taifa. Lakini hapa Mafinga bibi husema "Kamwene", na mjukuu akajibu kwa Kiswahili. Bibi akizikwa, huzikwa pamoja na methali, majina ya miti ya dawa na asili ya ukoo.

Wamaori wa New Zealand walianzisha "viota vya lugha" mwaka 1982, ambamo watoto wadogo hulelewa kwa Kimaori pamoja na wazee. Jambo hilo halingoji jengo. Wazee wa Usharika na waketi na watoto wa Shule ya Jumapili, wawasimulie kwa Kihehe na Kibena; nao wazazi waendeleze nyumbani.

Siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuzifuta lugha za watu, alizitumia.